Shemeji anajisifu ni fundi wa farasi. Nitamjuaje kabla hajampakata mwanangu?

Mtoto_wa_Sanawari

Wakuu, habari za jioni. Mume wa dada yangu amekuja likizo kutoka Uingereza, na tangu ashuke kwenye ndege hadithi ni farasi tu. Ati kule alikokulia alipanda mpaka akachoka. Hapa nje ya Arusha kuna shamba wanakodisha farasi kwa saa, na Jumamosi tumepanga kwenda familia nzima. Hilo halina shida. Shida ni kwamba amemwahidi binti yangu wa miaka 7 kumpakata mbele ya tandiko wapige shoti, zile mbio za kasi za farasi, pamoja. Mtoto halali. Mke wangu haongei, ananitazama tu, na nyie wenye wake mnajua maana yake.

Mimi farasi nawaona kwenye gwaride na kwenye TV. Niliyewahi kumpanda ni punda, akaniacha kwenye michongoma. Sasa mtu kama mimi atamtambuaje anayejua kupanda na anayepiga kamba? Msiniambie nimuulize, maana nikimuuliza ndiyo tutakesha.

Bwana_Fimbo

Rahisi sana. Mpe farasi, mwambie apige shoti. Akirudi juu ya farasi ni fundi, akirudi nyuma ya farasi ni shemeji yako tu.

SaisiMstaafu

Bwana Fimbo umenichekesha, lakini ushauri wako ndio unaojaza watu hospitalini.

Mimi nilikuwa saisi, yaani mtunza farasi, upande wa Ngong, Nairobi, miaka 22. Wengi wanadhani saisi ni mtu wa kulisha na kupiga brashi. Kulisha mtu yeyote atajifunza kwa wiki moja. Kazi inayokuotesha mvi ni hii anayouliza Sanawari: mgeni anashuka kwenye gari, anasema "mimi najua kupanda", na una dakika tano za kuamua utamtandikia nani. Ukimpa aliye mkali kumzidi, mgeni anavunjika mkono. Ukimpa mpole naye ni fundi, ananuna saa nzima. Kwa vyovyote lawama ni zako.

Nilichojifunza ni kimoja: usimtazame mtu, mtazame farasi aliye chini yake. Jicho la asiyejua hukimbilia buti, kofia na mgongo ulionyooka. Hivyo vyote vinanunuliwa au vinaigwa. Farasi haigi. Ana kilo 450 mpaka 500, hana sababu ya kumsitiri shemeji wa mtu.

Anza na mdomo. Katika taya la farasi, kati ya meno ya mbele na magego, kuna nafasi isiyo na meno. Ni ufizi mwembamba juu ya mfupa, na hapo ndipo lijamu, kile chuma cha mdomoni, hukaa. Kila unachofanya mkono kwenye hatamu, zile kamba za kumwongozea, kinaishia pale. Asiyejua, akiyumba, hushika hatamu kama unavyoshika bomba la daladala dereva akifunga breki. Hajui kwamba bomba lake ni ufizi wa mwenzake. Basi utaona farasi anainua kichwa juu, anafungua kinywa, mkia unachapa hewani na hakuna hata nzi mmoja. Mkia unaochapa bila nzi ni malalamiko.

Kwa anayejua, shingo inarefuka na kushuka, kinywa kimefunga na kinatafuna polepole, na masikio hayatulii: moja mbele kwenye njia, jingine limegeuka nyuma kumsikiliza aliyempanda. Baada ya dakika kumi hivi utamsikia akipuliza pua, prrrr, ndefu. Hapo mimi nilikuwa nikiondoka kwenye uzio nikatafute chai.

Mtoto_wa_Sanawari

Mzee shikamoo. Hiyo ya mkia naiandika kwenye mkono. Lakini hapo ameshapanda. Nataka kujua kabla hajapanda, maana akishapanda mtoto atakuwa analia "na mimi, na mimi".

SaisiMstaafu

Marahaba mwanangu. Kabla ya kupanda kuna mengi, tena hapo ndipo wengi hujianika wenyewe.

Tazama anavyomwendea. Farasi anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji lake pale karibu. Anayejua haji kwa nyuma, wala hamnyooshei mkono usoni kama anayemsalimia mbunge. Anakuja ubavuni, usawa wa bega, anaongea kidogo, anamgusa shingoni.

Kisha tazama kama atagusa mshipi wa tumbo, ule unaoshika tandiko. Hata kama saisi ameshaufunga, mpandaji hupitisha vidole kuhakikisha. Farasi wengi hujaza tumbo ukiwafunga, wakitembea kidogo wanashusha pumzi na mshipi unalegea. Mtu mzima anaweka mguu kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, tandiko linageuka, anajikuta ananing'inia tumboni kama mtoto wa kima. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko nilivyokula mandazi. Na urefu wa vikuku: mwenye uzoefu huupima akiwa bado chini, kwa kuweka ncha za vidole pale ukanda wa kikuku unaposhikwa kwenye tandiko na kuvuta kikuku mpaka kifike kwapani. Huo ni mwanzo, akipanda atarekebisha. Asiyejua hupanda kwanza halafu anaita "wewe kijana, punguza hapa".

Jingine ni maswali anayouliza. Fundi huuliza kuhusu farasi: anaitwaje, anaogopa nini, mguu upi humsumbua, anapenda kuongoza au kufuata wenzake. Mwenye kamba hukueleza habari zake mwenyewe.

Akipanda, sikiliza anavyokaa. Ukisikia "pu!" kama gunia la mahindi kwenye pikapu, mpe farasi mzee. Anayejua hushuka taratibu, kwa sababu ule mgongo hauna springi.

Bwana_Fimbo

Mzee unatupa utaratibu wa harusi. Mwisho wa siku si kukimbia? Jamaa wa mbio pale Ngong hawaulizi jina la farasi.

SaisiMstaafu

Jina lake wanalijua kuliko la mjomba wao. Uwanja ule wa Ngong upo tangu 1954, na vijana wa mbio huwakimbiza farasi hao alfajiri wewe ukiwa umelala. Halafu kumbuka ule ni upandaji mwingine. Vikuku vyao ni vifupi sana, makalio hayagusi tandiko, uzito wote umesogea mbele ili mgongo wa farasi uwe huru. Ukimpima joki kwa kipimo cha "mgongo wima, kisigino chini ya nyonga" utasema hajui kitu. Kila upandaji una umbo lake, na watu wengi hukosea hapo, wanachukua picha moja waliyoiona wanaifanya rula.

Na kuhusu kukimbia: mbio ni za farasi, hazikuambii chochote kuhusu aliye juu. Farasi aliyestaafu mashindano ukimlegezea tu atapiga shoti hata ukimbebesha kiroba cha unga. Kiroba hakijawa fundi. Mimi niliwapima watu kwa mwendo wa kawaida na kwa kusimama. "Tembea naye mpaka kwenye ule mti, simama, hesabu kumi, mrudishe nyuma hatua mbili, uje." Basi. Asiyejua huvuta mikono miwili kifuani kama anafungua droo iliyokwama, farasi anasimama ameinua kichwa, miguu imetapanyika, na kabla ya kuhesabu tano ameshaanza kuondoka. Anayejua hutaiona mikono yake ikifanya kazi. Anaketi kwa uzito zaidi, pumzi inashuka, farasi anasimama miguu minne mraba na anabaki pale.

Baada ya hapo mwambie aende matiti, ule mwendo wa kudunda ulio kati ya kutembea na shoti. Mwendo wa kawaida una mapigo manne, kila mguu peke yake. Matiti ni mapigo mawili, miguu ya mshazari inakwenda pamoja, na kila pigo linakurusha juu. Matiti hayana huruma na muongo. Anayejua huinuka na kukaa kwa mapigo, na akiwa kwenye mzunguko huinuka pale bega la nje la farasi linapokwenda mbele, bila kuchungulia chini. Kwa mwingine utaona kati ya makalio na tandiko mwanga unapita ovyo, viwiko vinapiga mbawa, na kila akirudi chini mikono inarudi naye na mdomo wa farasi unavutwa. Hapo mimi nilikuwa sisubiri zaidi.

Amu_Kwetu

Salaam kutoka Lamu. Mzee nakuunga mkono kwa habari ya umbo. Huku kwetu punda hupandwa karibu na matakoni, bila tandiko, bila kikuku, kamba moja na kijiti. Watalii huja wakakaa katikati ya mgongo kama farasi, punda anasimama anawangoja washuke. Halafu tazama watoto wetu siku ya mashindano ya punda hapa mjini, wanapita kwenye kichochoro wakipinda kona ambayo wewe kwa miguu utagonga ukuta. Uwaambie wanyooshe mgongo?

SaisiMstaafu

Amu_Kwetu umenikumbusha aibu yangu, wacha niitoe hadharani.

Mwaka mmoja alikuja kijana mwanafunzi kutoka Lesotho. Mpole, anaongea kidogo. Nikamwuliza kama amewahi kupanda, akasema "nyumbani, kidogo". Nikamtandikia jike letu la zamani, lililokuwa likilala huku linatembea. Akapanda vibaya, vibaya kwa macho yangu: miguu imetangulia mbele, hatamu zote mkono mmoja, mabega yamelegea kama yuko sebuleni kwake. Nikasema moyoni, huyu leo nitamshika kamba saa nzima.

Tulipofika kwenye korongo jike likasimama. Lile jike lilikuwa halivuki lile korongo, miaka na miaka, sote tulikuwa tunazunguka. Kijana hakumpiga teke wala hakuvuta. Alilegeza hatamu mpaka zikaning'inia, akakaa. Jike likainamisha kichwa, likanusa ukingo, likapuliza pua, likashuka hatua kwa hatua kama mama anayeshuka ngazi na ndoo kichwani, likapanda upande wa pili. Kijana mkono wake haukuondoka kwenye paja. Mimi na farasi wangu "mzuri" tukabaki ng'ambo, tumegoma.

Baadaye ndipo akanieleza kwamba kwao milimani watu hutumia farasi kwenda dukani, kwenda shule, kupeleka unga kusaga, na njia ni mawe matupu. Alikuwa amepanda tangu hajajua kusoma. Nilimtazama yeye badala ya kumtazama jike, na jike lilikuwa linaniambia tangu tulipotoka bandani: masikio yake yalikuwa yanazunguka, jambo ambalo kwa wageni wengine halikuwahi kulifanya.

KotaYaMaskati

Mimi nipo Muscat, mwaka wa 14 huu. Waswahili tuko wengi huku, na farasi ni wengi pia. Niongeze kidogo.

Kuna mchezo wa Waomani unaitwa ardha, umeingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2018. Farasi wawili wanakuja mbio sambamba, wapandaji wanasimama wima juu ya migongo au wanashikana mikono katikati, vumbi nyuma yao. Mara ya kwanza kuuona nikakumbuka ule msemo wetu wa mpanda farasi wawili kupasuka msamba. Wenzetu huku hawapasuki. Lakini mzee mmoja jirani yangu, Mswahili aliyezaliwa Unguja, aliniambia nisitazame waliosimama. Tazama, anasema, kama farasi wawili wanafika mwisho pua kwa pua. Kusimama ni ujasiri, kufika pamoja ndiyo kazi.

Halafu kuna mbio za masafa marefu, zinapendwa sana Ghuba yote. Za daraja la juu ni kilomita 160 kwa siku moja. Zimegawanywa vipande, na kila kipande kikiisha daktari wa mifugo anampima farasi: mapigo ya moyo lazima yashuke mpaka 64 kwa dakika au chini ya hapo ndani ya muda uliowekwa, na farasi atembezwe kuonyesha hachechemei. Akishindwa, mmetoka, hata kama mlikuwa mnaongoza. Farasi aliyepumzika ana mapigo 30 na kitu mpaka 40 na kitu. Kwa hiyo pale fundi anasomwa kwenye kifua cha farasi, kwa namba. Aliyekimbiza hovyo kwenye mchanga anabaki kumwagia maji dakika zinayoyoma.

Bwana_Fimbo

Sawa, nimekubali kushuka kwenye farasi wangu. Lakini mzee, kama farasi ndiye hakimu, yule mdada wa Ujerumani kwenye Olimpiki ya Tokyo je? Dunia nzima ilimwona analia juu ya farasi. Mtu wa Olimpiki hajui kupanda?

SaisiMstaafu

Swali zuri, na hilo nililitazama mara nyingi mpaka kijana wangu akaninyang'anya simu.

Annika Schleu, Agosti 2021, michezo mitano ya kisasa, ambapo mtu mmoja hushindana kuogelea, vitara, kuruka na farasi, kukimbia na kulenga shabaha. Alikuwa anaongoza kwa pointi baada ya kuogelea na vitara. Katika mchezo ule hukuja na farasi wako. Unapewa kwa kura, unakaa naye dakika 20, kisha unaruka vizuizi. Yeye alipata farasi anayeitwa Saint Boy, ambaye tayari alishamgomea mpandaji mwingine kabla yake siku hiyo hiyo. Schleu aliingia uwanjani analia, farasi anarudi nyuma, yeye anapiga fimbo, kocha wake Kim Raisner nje ya uzio anamhimiza amchape, na kocha huyo akampiga farasi ngumi. Schleu akamaliza wa 31. Kocha akaondolewa kwenye mashindano. Kelele zilikuwa kubwa mpaka farasi wameondolewa kabisa katika mchezo huo baada ya Paris 2024.

Je, hakujua kupanda? Alijua. Ukimweka juu ya farasi aliyemzoea angeruka vile vizuizi bila tabu. Alichokosa ni kile kinachobaki ukiwa juu ya mnyama usiyemjua, aliyeshaogopa, na medali inakuponyoka. Hofu yake iliteremka kwenye hatamu na miguu, farasi akaisoma, akamrudishia. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemwambia alegeze, amzungushe mzunguko mmoja kwa mwendo wa kawaida, apumue. Huenda angekosa muda. Lakini ni rahisi mimi kusema hivyo nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Na usije ukadhani medali zinamaliza hoja. Charlotte Dujardin wa Uingereza ana medali sita za Olimpiki katika ule upandaji wa madaha, ambapo majaji hukaa pembeni na kutoa alama 0 mpaka 10 kwa kila kipengele. Siku chache kabla ya Paris 2024 ikatoka video ya zamani, yuko chini anafundisha, anamchapa farasi miguuni kwa mjeledi, tena na tena. Akajitoa, akafungiwa mwaka mmoja. Majaji walikuwa wameona kilichotokea uwanjani. Mimi siku zote nilitaka kuona pia kilichotokea bandani.

Mtoto_wa_Sanawari

Wakuu mmenifungua macho, sasa nitaonekana mjuaji mbele ya shemeji. Swali la mwisho: tuseme amefaulu yote. Mdomo, mkia, kusimama, matiti. Nimruhusu ampakate mtoto?

SaisiMstaafu

Hapana. Na hilo ungeniuliza mwanzoni ningekupa jibu la mstari mmoja: anayejua hasemi atampakata.

Tandiko ni la mtu mmoja. Ukimweka mtoto mbele, anakaa juu ya ile sehemu iliyoinuka, mkono wako mmoja unamshika yeye, mmoja umebaki na hatamu. Farasi akijikwaa, wote mnaenda mbele, na wewe mwenye kilo 85 unatua juu ya mtoto wa kilo 22. Ahadi ile peke yake imenionyesha kwamba shemeji yako ama hajui, ama alijua zamani na amesahau.

Mtoto apewe farasi mdogo wake, mpole, kofia ngumu inayombana vizuri, kiatu chenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku, na saisi amshike kamba atembee naye. Atafurahi vilevile. Kwa mtoto wa miaka 7, kutembea ni shoti.

Amu_Kwetu

Tuletee mrejesho Jumamosi. Usitukimbie.

Mtoto_wa_Sanawari

MREJESHO. Poleni kwa kuchelewa, jana tulirudi usiku.

Tulifika saa tatu. Shemeji ana buti mpya, nikakumbuka buti zinanunuliwa. Lakini nilishangaa: alimwendea farasi ubavuni kama alivyosema mzee, akamshika shingo, akamwuliza saisi jina lake. Nikaanza kuona aibu kwa kumsema huku. Mshipi wa tumbo hakuugusa. Saisi aliugusa kwa niaba yake, akaukaza matundu mawili.

Akatembea vizuri. Akasimama vizuri, nikahesabu mpaka nane. Mke wangu akaniuliza nahesabu nini.

Matiti sasa. Wakuu, ule mwanga mlioutaja niliuona. Aliinuka mara mbili tatu kwa mapigo, kisha akapotea, viwiko vikaota mbawa, farasi kichwa juu na mkia unachapa. Nzi hakuna. Nilitaka kucheka lakini nilimwonea huruma farasi. Nusu mzunguko tu, shemeji akamrudisha kwenye mwendo wa kawaida mwenyewe, akaja mpaka kwenye uzio, jasho linamtoka. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa na miaka 12 mara ya mwisho." Kisha akamshika farasi shingoni akakaa hivyo kidogo, nadhani alikuwa anaomba radhi.

Habari ya kumpakata mtoto hakuitaja tena, na mimi sikuitaja. Binti alipewa farasi mfupi wa kijivu, saisi akamshika kamba, wakazunguka mara nne. Usiku mzima ananisimulia kwamba farasi wake alipuliza pua. Prrrr. Ananionyesha jinsi ilivyokuwa, mate yananirukia usoni.